Kiangazi cha Zege na Kahawa

Umatengoni kiangazi kina kazi nyingi kuliko siku zake. Mvua zikikatika mwezi wa Mei, kahawa inaanza kuiva, na kuanzia Juni mpaka Septemba watu wanachuma, wanamenya, wanaosha na kuanika, huku malori yakipanda milimani kufuata magunia. Miezi hiyohiyo ndiyo mto unapungua kiasi cha mtu kuingia na sululu. Anayetaka kujenga daraja kwetu hana miezi mingine, na anayetaka kuvusha kahawa naye hana mingine. Mwaka 1986 watu hao wawili walikutana kwenye mto wetu, njia ya kutoka Mapera kwenda Mbinga mjini. Mimi nilikuwapo, kijana wa miaka ishirini hivi, nikilipwa na pande zote mbili kwa zamu.

Daraja la zamani lilikuwa na kuta mbili za mawe, moja kila ukingo, na nguzo ya mawe katikati ya maji. Juu yake ililala mihimili ya chuma, na juu ya chuma mbao. Wazee walisema lilijengwa wakati wa Mwingereza, siku ambazo kahawa ilianza kuwa mali huku kwetu. Kibao chake kiliandikwa TANI 5, lakini kutu ilikuwa imeila namba, na mgeni alisoma TANI peke yake, akakisia mwenyewe zilizobaki. Mbao tulizibadilisha wanakijiji kwa kujitolea kila mvua zilipokwisha. Zilipooza katikati ya mwaka, ilibidi dereva ajue mahali pa kuweka tairi.

Lori la ushirika likiwa tupu tayari lilikuwa linakaribia uzito ule wa kwenye kibao. Likiwa limepakia, hakuna dereva aliyethubutu. Kwa hiyo ilizuka kazi, na kazi hiyo ilikuwa yetu vijana. Gari lilisimama upande wa kijiji, tukashusha magunia ya kahawa ya maganda, tukayabeba begani mpaka ng'ambo. Kisha lori lilivuka tupu, polepole, utingo akitembea mbele kinyumenyume na mikono juu, dereva akiwa ameuacha mlango wazi ili aweze kuruka. Likishavuka, tukapakia upya. Tulilipwa kwa gunia, na tulilipwa papo hapo. Siwezi kusema kwamba sisi wabebaji tulikuwa tukiliombea daraja lile mema.

Halafu kahawa ikapanda bei. Ukame uliipiga Brazil mwaka 1985, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata kahawa ikawa inatafutwa kila mahali duniani. Sehemu kubwa ya fedha hiyo haikufika kwa mkulima wa Mapera, lakini fununu ilifika, na fununu inatosha kumfanya mtu apalilie. Wakubwa nao walianza kuuliza kwa nini kahawa ya upande wetu inachelewa kufika Mbinga. Jibu lilikuwa limelala juu ya mto, mbao zake zikiwa nusu.

Injinia alikuja na Land Rover ya serikali kutoka Songea, mwezi wa Aprili mwishoni, mto bado umejaa. Alikuwa kijana, mfupi, mwenye sauti ndogo, na viatu vyake vilituambia kwamba hajazoea tope letu. Tulidhani atapanda darajani, apige mbao kwa kisigino, atikise kichwa kama walivyofanya waliomtangulia. Hakupanda. Aliomba nondo ndefu, akavua viatu, akateremka ukingoni mpaka kwenye mguu wa ukuta wa mawe. Akaanza kuchokoa chini yake. Mara ya kwanza nondo iligonga jiwe. Akasogea kidogo upande wa chini ya mkondo, akachokoa tena, na nondo yote ikapotea chini ya ukuta mpaka mkono wake ukagusa maji. Akaivuta, akaichomeka mahali pengine, ikapotea tena.

"Ukuta huu umekaa juu ya nini?" akatuuliza.

Hakuna aliyejibu. Miaka yote tulikuwa tumehesabu mbao.

Baadaye alitueleza, na maelezo hayo nimeyabeba hadi leo kwa sababu yalibadilisha namna ninavyotazama mto. Alisema lori linachosha daraja, lakini mara nyingi kinacholiangusha ni maji, nayo yanaanzia chini. Nguzo ya katikati inaubana mkondo. Maji yaliyobanwa yanakimbia zaidi, na yanayokimbia zaidi yanachimba. Alitupa hesabu moja ambayo sikuiamini mpaka nilipokuja kuiona kwa macho: kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, jiwe ambalo maji hayo yanaweza kulisukuma linakuwa zito mara 64. Ndiyo maana mto uleule unaochezewa na watoto mwezi wa Agosti unavingirisha mawe ya ukubwa wa jiko mwezi wa Februari. Kile kidimbwi cha chini ya daraja, ambacho tulikipenda kwa kuogelea, kilikuwa shimo la kaburi la ule ukuta, na lilikuwa linachimbwa kila masika.

Jambo la pili alilofanya lilikuwa kuuliza. Aliita wazee, wakaketi kwenye nyasi, akawaamkia mmojammoja kwa heshima. "Wazee wangu, maji yaliwahi kufika wapi?" Wakaonyesha jiwe lenye alama nyeupe, hatua chache juu ya ukingo. Wote walikubaliana, na walikubaliana haraka mno. Saveya wake akasimamisha kile chombo cha miguu mitatu, akapima, akaandika. Alikuwapo bibi mmoja aliyekuja kuchota maji, akasimama pembeni na ndoo yake mpaka wanaume walipomaliza. Ndipo akasema, "Mjukuu wangu, hao wanakuonyesha maji ya mwaka juzi."

Akawapeleka juu zaidi, kwenye kisiki kilichokuwa karibu na nyumba ya shemeji yake. Hapo, alisema, palikuwa na banda la nguruwe. Mwaka aliojifungua mtoto wake wa pili, maji yaliingia bandani usiku na kuondoka na nguruwe jike aliyekuwa na mimba. Wazee wakacheka, kisha mmoja wao akaacha kucheka, akasema ni kweli, yule nguruwe alikuwa amekopwa na deni lake lilizua kesi. Saveya akapima kisiki. Kilikuwa juu ya ile alama ya wazee kwa zaidi ya mita moja. Injinia alifuta namba ya kwanza mbele yetu, akaandika ya bibi. Nimewahi kuwasikia watu wakisema vijijini hakuna takwimu. Zipo, ila zimefungwa kwenye mifugo, madeni na uzazi, na unatakiwa umuulize anayezitunza.

Siku iliyofuata alitaka kupelekwa chanzo cha maji. Nilikuwa mmoja wa waliomsindikiza, kwa kuwa nilizifahamu njia za mbwa na za watu. Tulipanda bonde lote. Alisimama muda mrefu kwenye miteremko ya ngoro, na sishangai, kwa sababu mgeni akiona ngoro mara ya kwanza hudhani mlima umefumwa. Nyasi hufyekwa na kupangwa kwa mistari inayokatana, miraba miraba, halafu udongo unachimbwa katikati ya kila mraba na kufukia nyasi zile pembeni. Mazao yanakaa juu ya tuta, shimo linabaki wazi. Mvua ikinyesha, kila shimo linakunywa sehemu yake. Mlima mkali kiasi cha mbuzi kuteleza unalimwa miaka na miaka bila udongo kuondoka. Babu zetu walibuni hivyo walipobanwa huku milimani wakati wa vita vya Wangoni, na mpaka leo wataalamu hupanda mlima kuja kuyatazama mashimo hayo.

Injinia hakuja kusifu kilimo. Alitaka kujua ni miteremko mingapi imeacha ngoro, msitu umekatwa hadi wapi, magogo yaliyokatwa yamelala wapi. Kila gogo lililokuwa kando ya kijito aliliandika. "Haya yote yatashuka siku moja," alisema, "na yatashuka pamoja." Alikuwa anahesabu mvua ambayo haijanyesha bado. Mlima wenye ngoro unatoa maji taratibu, mlima mtupu unayatoa kwa mkupuo, na wetu ulikuwa nusu kwa nusu.

Ndipo akaamua. Daraja jipya lingekuwa la zege, la nafasi moja ya mita 12 bila nguzo ya kati, ili magogo yakija yasikute pa kukwama. Tumbo lake lingepita juu ya kisiki cha bibi. Na lisingejengwa mahali pa lile la zamani, bali juu yake kidogo kuelekea mkondo unakotoka, ili kahawa iendelee kuvuka wakati zege linajengwa.

Kuna walioshauri daraja la Bailey, yale ya vipande vya chuma yanayoungwa kwa pini. Wengine waliwahi kuyaona Songea. Injinia aliyapenda, na jioni moja alitusimulia jinsi Mwingereza Donald Bailey alivyoyabuni wakati wa vita kuu ya pili, vipande vya futi 10 kwa 5, kila kimoja kilo 260 hivi, mzigo wa wanaume sita bila winchi. Lakini vipande vya namna hiyo havikutosha nchini, na vilivyokuwapo viliwekwa akiba kwa barabara kuu zitakapokatika. Mto wa Mapera haukuwa kwenye foleni. Sisi tulikuwa na mawe, mchanga na wanawake wenye nyundo.

Mahali palipochaguliwa palikuwa na kahawa ya mzee mmoja. Hapa ndipo mradi ulipokaribia kufa, kabla hata ya sululu ya kwanza. Barabara ya kuingia darajani, ikinyooshwa kama saveya alivyotaka, ingepita katikati ya shamba lake. Baraza la kijiji lilikaa. Wakamwambia daraja ni la wote. Akasema kahawa ni yake peke yake, na aliipanda mwaka wa Azimio la Arusha alipoambiwa ajitegemee. Wakamwambia atalipwa. Akauliza na nani, lini, na kama mlipaji anajua kwamba mche unakula miaka mitatu, minne kabla ya kurudisha chochote. Hakuna aliyekuwa na jibu la maana. Wenye cheo wakaanza kupandisha sauti.

Injinia alimfuata nyumbani kesho yake, peke yake. Waliongea nini sikusikia, ila nilimwona saveya akirudi kupima upya. Barabara ikakunjwa ikapita pembeni mwa shamba, miti michache tu ikaondoka. Madereva wanailaani kona hiyo hadi leo, na wana haki: ukitoka mlimani na mzigo unatakiwa upunguze mwendo kabla hujaliona daraja. Kwenye karatasi ni kosa. Kwangu mimi ndiyo sababu daraja lipo.

Saruji ilitoka kiwanda cha Songwe, Mbeya. Ilipanda treni ya TAZARA mpaka Makambako, ikashushwa, ikapakiwa malori na kuteremka Songea kwa ile lami mpya iliyojengwa kwa fedha za Waingereza, kisha vumbi kutoka hapo mpaka kwetu. Miaka hiyo mfuko wa saruji ulikuwa kitu cha kibali. Ulipofika ulilala ndani, juu ya mbao, umefunikwa, na mlinzi analala pembeni yake. Umande wa Umatengo mwezi wa Julai unaweza kugeuza mfuko mzima kuwa jiwe. Kokoto waliponda akina mama kandokando ya mto, wakipimiwa kwa debe, watoto wakikusanya vipande vilivyoruka. Mchanga tuliosha mtoni mpaka maji yatoke meupe, maana udongo ndani ya zege ni wizi unaojulikana baadaye.

Mimi niliandikwa kibarua. Hapo ndipo misimu miwili ilipogongana waziwazi. Mshahara wa kibarua ulikuja mwisho wa mwezi, ukichelewa zaidi ya kuwahi. Malipo ya gunia la kahawa yalikuwa ya palepale. Tukiwa ndani ya shimo la msingi, pampu inanguruma, magunia ya mchanga yamezuia mto usiturudie, honi ya lori ililia kutoka mlimani, na shimo likabaki na nyapara peke yake. Alitutukana kwa lugha tatu. Siku moja alirusha koleo mtoni kwa hasira, kisha akalazimika kuliingilia mwenyewe kulitafuta.

Dawa aliipata injinia, na haikuwa ya kihandisi. Alikwenda kwa watu wa ushirika akapatana nao kwamba malori yaje siku mbili tu za wiki, zinazojulikana. Siku hizo shimo lilipumzika, wapigaji nondo wakafunga vyuma vyao pembeni, na vijana wote tukabeba kahawa kwa halali. Siku nyingine hakuna honi. Tangu hapo kazi ilikimbia.

Upande wa kijiji tulikuta mwamba mapema. Upande wa Mbinga tulichimba udongo wa mfinyanzi, tukachimba tena, na kila injinia alipoipiga nondo yake kwa nyundo ilizama. Tulichimba mpaka Agosti ikatuponyoka. Wakubwa waliokuja kukagua walisema panatosha. Yeye hakujibu, akaendelea kupiga nondo mpaka ikalia juu ya mwamba. Wiki zile tulizozipoteza pale zilikuja kudaiwa mwezi wa Novemba.

Zege la juu lilimwagwa mwishoni mwa Oktoba. Mihimili na sakafu yake lazima vimwagwe kwa mfululizo, kwa kuwa zege la leo na la kesho halishikani kama la saa moja. Mashine ilikuwa moja, ndogo. Tulianza giza la alfajiri: mfuko mmoja wa saruji, mchanga, kokoto, maji kwa kipimo, toroli, ubao, rudi. Akina mama walileta uji, baadaye ugali na dagaa wa Nyasa, tukala kwa zamu tumesimama. Saa za jioni mashine ilizimika, na fundi wa mashine, mtu mpole wa Litembo, aliipiga teke ambalo sijaona mtu akilipiga mashine tangu siku hiyo. Ikawaka. Tulimalizia kwa karabai. Kesho yake sakafu yote ilifunikwa magunia mabovu ya kahawa yaliyoloweshwa, na kazi yangu ikawa kuyamwagia maji asubuhi, mchana na jioni. Zege halikauki kama tope, alituonya injinia. Linakunywa maji ndipo linakomaa, na kimahesabu linahesabiwa limekomaa siku ya 28.

Chini ya sakafu hiyo mbichi ilisimama mirunda ya mikaratusi, msitu mzima, miguu yake ndani ya mto. Kila mrunda ulikazwa kwa kabari. Mto ulikuwa mdogo, ukipita katikati ya miguu hiyo bila kelele. Tulichohitaji ni mvua zije kwa wakati wake.

Hazikuja kwa wakati wake. Zege lilikuwa na wiki mbili na ushee pale mawingu yalipoketi juu ya milima ya nyuma na kukataa kuondoka. Kwetu palikuwa pakavu. Mchana yule bibi wa nguruwe alipita, akatazama maji, akasema tu, "Yamebadilika rangi." Injinia alikimbia akateremka mwenyewe. Yalikuwa na wekundu wa mbali, kama chai iliyotiwa maziwa kidogo.

Hapo alikuwa na njia mbili, zote mbaya. Akiiacha mirunda, magogo aliyoyaandika kwenye daftari mwezi wa Aprili yangeshuka, yakwame ndani yake, na mto ungeing'oa kwa vishindo, ikivuta mihimili mibichi. Akiiondoa, daraja lingebeba uzito wake kabla ya umri wake. Alikaa juu ya jiwe na penseli. Nilimwona anaandika, anafuta, anaandika. Kisha akasimama akasema tunaondoa kabari.

Ziliondolewa kwa mpangilio, na hapo alikuwa mkali kuliko nilivyowahi kumwona. Tulianza katikati, kabari moja huku na moja kule, pigo dogo, subiri, pigo dogo, tukirudi taratibu kuelekea kuta. Alisema ukianzia pembeni unaliacha daraja limekalia mgongo wake katikati, na halikutengenezwa kubebwa hivyo. Saveya alikuwa amevuta kamba nyembamba toka ukuta hadi ukuta, akisoma kila baada ya pigo. Kamba na zege viliachana kidogo, vikaachana tena kidogo, halafu vikakoma. Nyapara, yule wa matusi, alikuwa anasali rozari kwa sauti. Tulitoa nje mirunda tuliyoweza kabla ya giza. Iliyobaki ilikuwa imelegea, haishiki kitu.

Maji yalikuja usiku. Hatukuyaona, tuliyasikia, mawe yakigongana chini kwa sauti ya mtu anayehamisha vyombo. Asubuhi daraja jipya lilikuwa pale pale, tumbo lake limelowa matone tu. Mirunda iliyobaki ilikuwa imekwenda yote, pamoja na magogo, na safari yao haikuwa ndefu, kwa sababu hatua chache chini lilikuwapo daraja la zamani na nguzo yake ya katikati. Vyote vilirundikana pale. Mto ukabanwa, ukakimbia, ukachimba, na ule ukuta ambao nondo ilipotea chini yake ukalala kifudifudi. Mihimili ya chuma ya Mwingereza ilikuwa imepinda ndani ya kidimbwi chetu cha kuogelea.

Kwa hiyo tukawa na daraja moja lililokufa, na jingine zima lisilofikika. Matuta ya kuingilia yalikuwa hayajajazwa. Sakafu mpya ilining'inia juu ya ukingo kwa urefu wa mtu na nusu, kila upande. Magunia ya mwisho ya kahawa yalikuwa bado upande wa kijiji. Tukafunga ngazi mbili za miti, tukapanda na magunia begani, tukavuka juu ya zege lililokuwa bado linamwagiwa maji, tukashuka ng'ambo. Ulikuwa msimu wetu wa mwisho wa ubebaji, na bei tuliipandisha. Matuta yalijazwa kwa mikono na toroli katikati ya manyunyu, kifusi kikashindiliwa kwa magogo yenye vishikio, na kabla ya Noeli lori lilivuka na mzigo wake, mlango wa dereva umefungwa.

Daraja lile halikunyooka sawasawa. Katikati limeinama kiasi cha kidole, kwa sababu ya ile haraka, na mvua ikinyesha maji hutuama pale. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipofika, nilikwenda kusimama ukingoni siku tatu za mwanzo. Maji yalikipita kisiki cha bibi, hayakuligusa tumbo la daraja. Bibi mwenyewe alikuwa ameshafariki.

Kahawa haikulingoja. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yanashikilia bei yalivunjika, bei ikaporomoka, na miaka iliyofuata malori yaliyovuka bila kushusha mzigo yalikuwa machache kuliko yale tuliyoyashusha. Wenzangu wa ubebaji walitawanyika, wengine Mbamba Bay kwenye dagaa na mbasa, wengine Songea. Sasa lami imetoka Mbinga mpaka Mbamba Bay, kilomita zaidi ya 60 za kona, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na malori yaliyozoea barabara ile yanakuja kwetu yakiwa na uzito ambao injinia wa 1986 hakuuandika popote. Daraja letu ni la gari moja. Watu wanalalamika. Huwaambia kwamba daraja la Wami, kwenye barabara ya Chalinze kwenda Segera, lilijengwa mwaka 1959, nalo lilipitisha gari mojamoja, mabasi ya nusu ya nchi yakisubiri, hadi jipya lilipofunguliwa 2022. Hawaridhiki na jibu hilo, nami sioni kwa nini waridhike. Panahitajika jingine, pana, na kona ile inaweza kunyooshwa sasa, maana warithi wa yule mzee wameng'oa kahawa wakapanda mikaratusi.

Lakini ukiwauliza watu wa rika langu juu ya daraja, hawatakusimulia zege. Watakusimulia mirunda. Ile iliyosombwa ilikwama njiani mpaka kijiji cha pili, na watu wakaiopoa. Ofisi moja ikaleta barua kwamba ni mali ya umma, irudishwe yote, kwa hesabu. Walioopoa wakasema mto ndio uliowapa. Kijiji chetu kikasema kama ni ya kurudishwa irudishwe kwetu, kwani mikaratusi ilikatwa kwenye msitu wetu na haijalipiwa. Kesi ilifika barazani mara mbili, ikazua uadui wa koo mbili, ikavunja uchumba mmoja. Mpaka barua ya mwisho inafika, mirunda yote ilikuwa juu ya mapaa, imeshapigiliwa bati.